Ultrasaundi Imeonyesha Kitu Kwenye Pafu la Mtoto: Ufanye Nini, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mama mjamzito aliyeambiwa kwamba mtoto aliye tumboni ana kasoro kwenye mapafu. Ni wa baba pia, na wa yeyote anayemsindikiza mama huyo kliniki. Nianze na jambo ninaloliamini, ili usome yaliyobaki ukiwa nalo kichwani: jina la kasoro lililoandikwa kwenye karatasi ya kwanza halitoshi kukwambia mtoto atakuwaje. Yanayoeleza ni mambo matatu yanayofuatiliwa wiki hadi wiki: uvimbe una ukubwa gani ukilinganishwa na mtoto mwenyewe, mtoto ameanza kujaa maji au la, na utajifungulia wapi. Hilo la tatu ndilo lililo mikononi mwako zaidi, na ndilo watu wengi hulikumbuka siku uchungu umeshaanza.

Hatua ya 1: Pima kwa wakati wake

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016, linashauri kila mjamzito apimwe ultrasaundi angalau mara moja kabla mimba haijatimiza wiki 24. Kwa kuangalia viungo vya mtoto, wakati mzuri ni kati ya wiki ya 18 na ya 22. Wengi wetu hupima mara mbili tu: mwanzoni kabisa kuhakikisha mimba ipo, halafu mwezi wa nane kujua mtoto amelalaje, na kama mpimaji ni mkarimu, kujua ni wa kike au wa kiume. Kipimo cha wiki ya 8 hakiwezi kuonyesha kasoro ya pafu. Cha wiki ya 34 nacho kinaweza kuipita bila kuiona, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Kama mfuko unaruhusu kipimo kimoja tu, kiwe cha katikati.

Ukiwa kitandani, si utovu wa adabu kumwambia mpimaji, "Naomba uniangalizie na kifua cha mtoto." Anachotakiwa kukiona si kingi. Moyo uwe na vyumba vinne, uchukue kama theluthi moja ya kifua, na ncha yake ielekee kushoto. Mapafu mawili yawe na rangi ya kijivu inayolingana pande zote. Kiwambo, yaani ule msuli unaotenga kifua na tumbo, kiwepo, na mfuko wa chakula uwe chini yake. Mara nyingi kinachomshtua mpimaji mwanzoni ni moyo, si pafu: anaukuta umesukumwa upande, ndipo anaanza kutafuta kilichousukuma.

Hatua ya 2: Jua umeambiwa nini hasa

Karatasi ya majibu mara nyingi huwa na sentensi mbili za kitaalamu na herufi fulani za mkato. Usiondoke bila kuuliza zina maana gani. Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi.

CPAM (vitabu vya zamani huandika CCAM) ndiyo kasoro ya pafu inayoonekana mara nyingi zaidi kabla mtoto hajazaliwa. Njia za hewa za mtoto hugawanyika kama matawi ya mwembe, shina kwa tawi, tawi kwa kijiti, kati ya wiki ya 5 na ya 16 hivi. Mgawanyiko ukikosea mahali fulani, sehemu ya pafu huwa fungu la vifuko visivyofanya kazi ya kupumua. Kwenye skrini vifuko vikubwa huonekana kama matundu meusi, na vile vidogo sana kama doa jeupe linalong'aa. Madaktari hutenganisha makundi mawili: lenye vifuko vya milimita 5 au zaidi, na lenye vifuko vya chini ya hapo. Muulize daktari mtoto wako yuko kundi gani, maana matibabu ya tumboni hutegemea jibu hilo.

BPS ni kipande cha pafu kilichojitenga. Hakijaunganishwa vizuri na njia za hewa, na damu yake huipata kutoka kwenye mshipa mkuu wa mwili, aota, badala ya mishipa ya mapafu. Mara nyingi hukaa chini upande wa kushoto. Ultrasaundi ya Dopla, ile inayoonyesha damu ikitembea kwa rangi nyekundu na buluu, ndiyo inayoufichua mshipa huo. Kwa hiyo mtu akiona doa jeupe bila kuwasha Dopla, amefanya nusu ya kazi. Zipo pia kasoro za mchanganyiko: CPAM yenye mshipa kutoka aota.

CDH ni jambo jingine kabisa, nalo lisichanganywe na hayo mawili. Hapa pafu halikukosea; kiwambo kina tundu, na utumbo, mfuko wa chakula, wakati mwingine hata ini, vimepanda kifuani na kulibana pafu lisikue. Ni ngiri ya kiwambo. Humpata takribani mtoto mmoja kati ya 3,000, na mustakabali wake ni mgumu kuliko wa CPAM nyingi. Kwa mpimaji asiye na uzoefu, utumbo uliopanda kifuani unaweza kufanana na vifuko vya CPAM. Swali la kuuliza ni fupi: "Daktari, mfuko wa chakula wa mtoto umeuona wapi?"

Yapo mengine ya nadra. Tundu la bronki, yaani njia ya hewa ndani ya pafu, linaweza kuziba na sehemu moja ya pafu ikavimba. Maji yanaweza kujaa kandokando ya pafu bila uvimbe wowote. Na kuna lile linalotisha zaidi, la koo la hewa kuziba: mapafu yote mawili huwa makubwa, meupe, na kiwambo kimesukumwa chini. Ukiambiwa hilo la mwisho, hatua za kusubiri na kurudia kipimo hazikuhusu sana. Nenda moja kwa moja hospitali kubwa.

Neno "uvimbe" nalo hutia watu hofu. CPAM na BPS si saratani. Na kabla ndugu hawajaanza kutafuta mchawi: kasoro hizi hazitokani na chakula alichokula mama, wala jembe aliloshika, wala vidonge vya uzazi wa mpango alivyomeza mwaka juzi, wala ugomvi wa nyumbani. Zinaanza wakati njia za hewa zinagawanyika, wiki ambazo wanawake wengi ndiyo kwanza wanajua wana mimba. Baba, ukiwa unasoma hapa, hili ni la kumwambia mama yako mzazi wewe mwenyewe. Usimwachie mkeo kazi hiyo.

Hatua ya 3: Rudia kipimo kwa mtu mwingine, hospitali kubwa

Rudia ndani ya wiki moja au mbili, si baada ya miezi. Omba barua ya rufaa kwenda mahali penye daktari bingwa wa wanawake na uzazi, mtaalamu wa radiolojia, daktari bingwa wa upasuaji wa watoto na wodi ya watoto wachanga mahututi, vyote chini ya uongozi mmoja. Kwa Tanzania fikiria Muhimbili, KCMC au Bugando. Kwa Kenya, Kenyatta au Moi ya Eldoret. Kwa Uganda, Mulago. Kabla ya kufunga safari, mtu apige simu kuuliza siku ya kliniki ya mimba zenye matatizo, na kama bima yako inalipia vipimo vya kurudia.

Beba kadi ya kliniki, majibu yote ya ultrasaundi hata yale ya mwanzo, na picha zenyewe kama ulipewa. Ile ya mwanzo ni muhimu kuliko inavyoonekana: ndiyo inayothibitisha umri wa mimba, na hesabu zote zinazofuata zinaegemea hapo.

Kwenye kipimo hiki cha pili daktari atatafuta kasoro nyingine pia, hasa kwenye moyo. CPAM iliyo peke yake kwa kawaida haihusiani na matatizo ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi. CDH huhusiana nayo mara nyingi zaidi, ndiyo maana kwa CDH unaweza kushauriwa kipimo cha maji ya uzazi. Pakiwa na MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, inaweza kusaidia pale ultrasaundi inapoacha shaka, lakini mtu asikuambie kwamba bila MRI hakuna linalojulikana. Ultrasaundi nzuri mikononi mwa mtu mzoefu inatosha kwa maamuzi mengi.

Hatua ya 4: Omba hesabu ya CVR, na uiandike

Hapa ndipo penye kiini cha mambo kwa aliyeambiwa CPAM. Mwaka 2002 kundi la madaktari wa Philadelphia, Marekani, lilichapisha kipimo rahisi kiitwacho CVR, ambacho mpaka leo hutumika dunia nzima. Unapima uvimbe kwa sentimita: urefu, kimo na upana. Unazizidisha tarakimu tatu pamoja, kisha mara 0.52, halafu unagawanya kwa mzingo wa kichwa cha mtoto, nao kwa sentimita. Kichwa kinaingia kwenye hesabu kwa sababu uvimbe wa sentimita 4 kwa mtoto wa wiki 20 si sawa na uvimbe wa sentimita 4 kwa mtoto wa wiki 32.

Chukua mfano. Mtoto wa wiki 22, mzingo wa kichwa sentimita 20. Uvimbe ni 4 kwa 3 kwa 3.5. Hiyo ni 42, mara 0.52 inakuwa 21.84, gawanya kwa 20, unapata kama 1.1. Mtoto mwingine wa umri uleule ana uvimbe wa 5 kwa 4 kwa 4: ni 80, mara 0.52 ni 41.6, gawanya kwa 20, ni 2.08.

Mpaka ni 1.6. Yule wa kwanza yuko chini yake, na uwezekano wa mwili wake kujaa maji ni mdogo, asilimia chache tu. Wa pili yuko juu, katika kundi ambalo wengi hupata shida hiyo wasipotibiwa. Kuna tahadhari moja: uvimbe wenye kifuko kimoja kikubwa unaweza kutanuka ghafla hata kama hesabu yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo hauaminiki kwa namba peke yake.

Hesabu hii haihitaji mashine ya ziada. Inahitaji mpimaji aandike tarakimu tatu za uvimbe na mzingo wa kichwa, na huo anao tayari kwa sababu ndio anaoutumia kukadiria umri wa mimba. Kama majibu yako yanasema tu "uvimbe mkubwa kiasi" bila tarakimu, rudi ukaziombe. Maneno hayawezi kulinganishwa na ya wiki ijayo, tarakimu zinaweza.

Chukua daftari la kawaida la shule, uchore safu nne: tarehe, wiki za mimba, CVR, kama kuna maji. Wiki zikienda, daftari hilo litamfaa daktari yeyote mpya utakayekutana naye kuliko maelezo ya mdomo.

Hatua ya 5: Panga ratiba ya kurudi

CPAM hukua kwa kasi katikati ya mimba, kisha karibu na wiki ya 26 hadi 28 ukuaji wake kwa kawaida hutulia. Mtoto anaendelea kukua, uvimbe unabaki nyuma. Kwa hiyo miezi ya wasiwasi ni ya tano na ya sita, na kuruka miadi wakati huo ndiko kosa linalogharimu.

Akiwa chini ya 1.6 na hakuna maji, kurudi kila baada ya wiki mbili hadi nne kwa kawaida hutosha. Akiwa juu, ni kila wiki au zaidi, pengine mara mbili au tatu kwa wiki mpaka kipindi hicho kipite. Kama unaishi mbali, zungumza mapema na shangazi au ndugu yeyote mwenye chumba mjini.

Sasa ile sababu niliyoiahidi. Katika miezi mitatu ya mwisho doa jeupe mara nyingi hufifia, kwa sababu pafu lisilo na kasoro la kando yake nalo linakuwa jeupe zaidi, na rangi zinalingana. Mpimaji asiyejua historia ataandika kwamba mapafu ni mazima. Wazazi hufurahi, wengine hutoa sadaka ya shukrani, na kliniki inasahaulika. Ni habari njema kweli, kwa kuwa uvimbe uliofifia haubani tena kitu. Lakini watoto wengi wa aina hii wakipigwa picha ya CT (eksirei inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka) baada ya kuzaliwa, kasoro hukutwa bado ipo. Kufifia kwenye ultrasaundi maana yake hatari ya tumboni imepungua. Uchunguzi wa baada ya kuzaliwa unabaki palepale.

Hatua ya 6: Zijue dalili za hatari

Neno la kulisikiliza ni haidropsi: maji kujikusanya mwilini mwa mtoto mahali pawili au zaidi, yaani tumboni, kandokando ya mapafu, kuzunguka moyo, au chini ya ngozi. Hutokea uvimbe unapousukuma moyo na kubana mishipa inayorudisha damu. Hapo mambo hubadilika. Mtoto mwenye CPAM asiye na haidropsi ana nafasi ya zaidi ya asilimia 95 ya kuishi. Mwenye haidropsi asiyetibiwa, uwezekano mkubwa ni kumpoteza, akiwa bado tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Nimeliandika bila kulipamba kwa sababu tofauti hii ndiyo inayofanya kila safari ya kliniki iwe na maana.

Kwa mama mwenyewe, dalili hizi hazisubiri miadi: tumbo kukua ghafla na kubana mpaka kupumua kunakuwa shida (mtoto ambaye koo lake la chakula limebanwa hamezi maji ya uzazi, nayo huzidi), uchungu kabla ya wakati, mtoto kupunguza kucheza, uso, mikono na miguu kuvimba, kichwa kuuma, macho kuona ukungu. Hizi za mwisho zinaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba cha kawaida, lakini mama mwenye mtoto aliyejaa maji anaweza naye kuvimba na kupanda presha kwa sababu ya hali ya mtoto. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Hatua ya 7: Uliza kuhusu matibabu ya tumboni

Kubwa la kwanza, na lililo karibu zaidi na uwezo wa hospitali zetu, ni sindano. CPAM yenye vifuko vidogo na CVR ya juu, au ambayo haidropsi imeanza, mara nyingi huitikia betamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, anayochomwa mama: miligramu 12, kisha nyingine 12 baada ya saa 24. Ni dawa ileile inayotumika kukomaza mapafu ya watoto njiti, ila hapa lengo ni kusimamisha uvimbe. Jinsi inavyofanya kazi hiyo bado inabishaniwa, lakini watoto wengi ambao zamani wangehesabiwa wamepotea sasa hufika siku ya kuzaliwa. Ikiwa daktari wako hajaitaja na namba imepita 1.6, uliza: "Je, sindano za steroidi zinamfaa mtoto wangu?" Zisichomwe dukani wala kwa ushauri wa jirani. Zinapandisha sukari ya mama na zinahitaji usimamizi.

Kama kuna kifuko kimoja kikubwa, sindano hizo hazisaidii sana. Hapo maji hutolewa kwa sindano ndefu kwa kuongozwa na ultrasaundi, au huwekwa mrija mwembamba unaoyamwaga kwenye maji ya uzazi. Kutoa mara moja mara nyingi hakudumu, kifuko hujaa tena. Mrija hudumu zaidi. Kwa BPS iliyoleta maji kifuani, mrija husaidia pia, na vituo vichache huuziba mshipa wake kwa leza.

Kufungua mfuko wa uzazi na kuondoa uvimbe mtoto akiwa bado ndani, kisha kumrudisha akue, kulifanikiwa kwa mara ya kwanza San Francisco, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1990. Leo hufanyika katika vituo vya kuhesabika duniani, kwa mtoto mwenye haidropsi ambaye hajafika wiki 32. Baada ya wiki hizo, mara nyingi ni heri azaliwe mapema na kutibiwa nje. Kwa CDH kali upo mpira mdogo unaowekwa kwenye koo la hewa la mtoto ili pafu litanuke. Utafiti uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kuwa kati ya watoto wenye CDH kali ya kushoto, waliowekewa mpira huo walitoka hospitali wakiwa hai kwa asilimia 40, dhidi ya asilimia 15 kwa wasiowekewa, ingawa wengi wao walizaliwa kabla ya wakati.

Sikutajii haya ili uuze kiwanja. Nakutajia kwa sababu mtu atakutumia video ya upasuaji wa Marekani kwenye WhatsApp usiku wa manane, na ni vizuri ujue kwamba CPAM nyingi hazihitaji chochote cha namna hiyo.

Hatua ya 8: Chagua mahali pa kujifungulia, na uhamie karibu

Uvimbe mdogo, CVR ya chini, hakuna maji, moyo uko mahali pake: unaweza kujifungua kwa njia ya kawaida, mimba ikitimia. Kasoro ya pafu peke yake si sababu ya kupasuliwa. Lakini hata hapo, usijifungulie zahanati wala nyumbani. Hospitali yenye oksijeni, daktari wa watoto na uwezo wa kumhamisha mtoto ndiyo kiwango cha chini.

Uvimbe ukibaki mkubwa, au moyo ukiwa bado umesukumwa mpaka wiki ya 32 na kuendelea, au ni CDH ya aina yoyote, jifungulie palepale alipo daktari wa upasuaji wa watoto. Mtoto anayebanwa kifua huendelea vizuri tumboni kwa sababu anapumuliwa na kondo. Shida huanza dakika ile kitovu kinapokatwa. Kumhamisha mtoto huyo kwa gari saa tatu baada ya kuzaliwa ni hatari kuliko kumhamisha mama wiki tatu kabla. Mpango wa familia nzima uanzie hapo.

Ukifika wiki ya 36, uwe unaishi ndani ya mwendo mfupi wa hospitali hiyo. Baadhi ya hospitali zina wodi ya mama ngojea kwa ajili ya wanaotoka mbali. Uliza kama ipo, na ni nani anayepika. Lipa au weka kando nauli ya usiku. Andaa mtu wa kuchangia damu. Weka karatasi za majibu kwenye mfuko wa nguo za mtoto, siyo kwenye kabati la baba aliyeko safarini.

Ukiingia leba, mwambie sista wa kwanza utakayemkuta, na umwambie tena wa zamu inayofuata: "Mtoto wangu ana tatizo la pafu, daktari wa watoto awepo." Kwa CDH ongeza jambo moja ambalo wauguzi wenye uzoefu wanalijua lakini lafaa kukumbushwa: mtoto huyu asipuliziwe hewa kwa nguvu kwa barakoa, kwa sababu hewa inaingia kwenye mfuko wa chakula ulio kifuani na kulibana pafu zaidi. Huwekewa mrija wa kupumulia kooni, na mwingine wa kutoa hewa tumboni.

Hatua ya 9: Baada ya kuzaliwa

Takribani watoto watatu kati ya wanne wenye CPAM hulia vizuri, hunyonya, na hawaonyeshi dalili yoyote. Hata hivyo wakae chini ya uangalizi walau siku moja au mbili kabla ya kwenda nyumbani. Kilicho cha kuogopa ni mtoto anayepumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zinazoingia ndani kila pumzi, mguno, midomo ya buluu, au kunyonya kwa kukatizakatiza akihema. Hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa, kukisia hakufai.

Eksirei ya kifua ya siku ya kwanza inaweza kuonekana safi kabisa na kasoro ikawepo. Kipimo cha kuaminika ni CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa, na kwa mtoto asiye na dalili hufanywa kati ya miezi mitatu na sita. Mtoto akiwa na shida ya kupumua, hakuna kusubiri miezi: hupimwa na kupasuliwa mapema.

Kwa mtoto asiye na dalili, madaktari wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaoondoa sehemu yenye kasoro kabla ya mwaka mmoja, kwa hoja kwamba huleta nimonia za kujirudia, na kwamba mara chache sana saratani ya mapafu ya utotoni hufanana kabisa na CPAM kwenye picha. Wapo wanaosubiri na kufuatilia, kwa hoja kwamba wengi hukaa miaka bila tatizo na upasuaji una hatari zake. Mimi naona mahali mtu anapoishi liwe sehemu ya uamuzi. Familia iliyo karibu na hospitali nzuri inaweza kusubiri kwa usalama. Mtoto atakayerudi kijijini ambako nimonia itatibiwa kwa vidonge na kuombewa, huyo ningependa apasuliwe kwa mpango kuliko kwa dharura. Mwambie daktari unaishi wapi. Hilo halimo kwenye picha ya CT.

Ikiondolewa sehemu ya pafu, pafu linalobaki huendelea kuota vifuko vipya vya hewa katika miaka ya mwanzo ya utoto na kujaza nafasi. Watoto hawa hukimbia na kucheza mpira kama wenzao. Chanjo zote apewe kwa ratiba ya kawaida. Nyumbani asivutiwe sigara karibu wala kulazwa jikoni penye moshi wa kuni.

Asipopasuliwa, andika kwenye kadi yake ya kliniki, kwa kalamu isiyofutika, upande na sehemu ya pafu yenye kasoro. Miaka minane baadaye akipata kikohozi na homa, daktari mgeni akaona kivuli kwenye eksirei, mstari huo utamwokolea mtoto dozi ya kifua kikuu asiyoihitaji.

Ukisoma kuhusu kasoro hizi, angalia mwaka wa maandishi. CPAM ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1949, na kwa miongo mingi iliyofuata waliochunguzwa walikuwa watoto waliokufa au waliokuwa mahututi. Takwimu za zamani zinatisha kwa sababu zile ndogo, zisizo na dalili, hakuna aliyekuwa akiziona kabla ya ultrasaundi kuenea.

Mimba ijayo

CPAM na BPS kwa kawaida hazirudii, wala hazirithiwi. Hakuna sababu ya kuacha kuzaa, wala ya kubadili mume. Pima ultrasaundi wiki ya 18 hadi 22 kama mtu mwingine yeyote na umtajie mpimaji historia yako. Ila kama katika ukoo kuna mtoto aliyewahi kupata saratani ya pafu akiwa mdogo, au vifuko vingi kwenye mapafu yote mawili, au uvimbe wa figo wenye vifuko, mwambie daktari hata kama hakuuliza. Kuna badiliko la jeni moja, DICER1, linaloweza kupita katika familia ya namna hiyo. Hapo kipande kilichoondolewa kwa mtoto kinapaswa kupelekwa maabara, na majibu ya maabara yafuatwe mpaka yapatikane.